Sanduku la Otsego

Mwaka wa 1792, wakulima wa kaunti moja changa huko New York walitoka mashambani wakaenda kumpigia gavana kura. Karatasi zao zikatiwa sandukuni, sanduku likafungwa, likasafirishwa hadi Jiji la New York. Lilifika. Lakini kura zilizokuwa ndani hazikuhesabiwa hata moja. Zilichomwa moto. Kosa lake lilikuwa kwamba mtu aliyezipokea na kuzituma, ukiisoma sheria kwa miwani ya mwanasheria, hakuwa sherifu tena.

Hesabu ya mwisho ilitangazwa Juni. George Clinton, gavana aliyekuwa madarakani, alipewa kura 8,440. John Jay, mpinzani wake, 8,332. Tofauti ni 108. Kule Otsego peke yake, karibu kila mtu wa wakati huo aliamini Jay alikuwa mbele kwa kura mia kadhaa.

Nilikutana na kisa hiki usiku, nikiwa kitandani na simu, bando likikaribia kuisha. Nilikuwa naandikia mteja makala ya haraka kuhusu historia ya cheo cha gavana, zile kazi za senti chache ambazo jina lako halionekani popote. Makala yake niliimaliza asubuhi. Otsego sijaimaliza mpaka leo. Niliposoma habari za lile sanduku nilijua ninachokisoma, kwa sababu nimewahi kuwa ndani ya sanduku kama hilo. Na kusema ukweli ambao sijauweka hadharani hata siku moja, nimewahi pia kukaa upande wa kamati iliyolikataa.

*

Kwanza tuwaweke watu mahali pao.

Clinton alikuwa gavana tangu 1777, mwaka ambao New York ilijiandikia katiba yake ya kwanza katikati ya vita vya kumng'oa Mwingereza. Kufikia 1792 alikuwa amekalia kiti miaka kumi na mitano. Kipindi kilikuwa cha miaka mitatu, na katiba haikusema ni vingapi vinatosha. Wakulima wengi wa kawaida walimwona mtu wao, kwa sababu hakutoka katika zile familia chache zilizomiliki ardhi isiyoisha ukitembea. Jay alikuwa mtoto wa mfanyabiashara tajiri, mwanasheria, na Jaji Mkuu wa kwanza wa Marekani. Tena ndiye aliyekuwa na mkono mkubwa zaidi katika kuiandika ile katiba ya 1777. Weka hilo kando, tutalirudia.

Halafu tuwakumbuke ambao hawakuwepo. Ili umpigie gavana kura ilibidi uwe mwanamume mwenye ardhi yako ya thamani ya pauni 100. Sensa ya 1790 ilihesabu watu kama 340,000 katika jimbo lile, zaidi ya 20,000 kati yao wakiwa watumwa. Kura zilizohesabiwa 1792 zilikuwa 16,772. Kwa hiyo nikisema "wananchi" hapa, elewa kwamba naongea kuhusu chumba kimoja kidogo ndani ya nyumba kubwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kura zilipigwa kwa karatasi mwisho wa Aprili. Wasimamizi wa kila mji walizifunga bila kuzihesabu, wakampelekea sherifu wa kaunti. Sherifu alizikusanya, akazipeleka, yeye au naibu wake, kwenye ofisi ya katibu wa jimbo. Mwisho wa Mei kamati ya wabunge kumi na wawili, sita kutoka kila nyumba ya bunge, ilifungua masanduku yote na kuhesabu.

Sisi tuliokulia enzi za fomu 34A tunaona tatizo mara moja. Kwetu kura zinahesabiwa kituoni, mbele ya mawakala, na fomu inabandikwa mlangoni hadi mama mboga anaipiga picha akienda sokoni. Kule hapakuwa na mlango wa kubandika kitu. Ukishachoma karatasi, hakuna nakala, hakuna picha, hakuna anayeweza kusema kwa hakika nani alipata ngapi. Ndiyo maana hata leo huo uongozi wa Jay kule Otsego unabaki makadirio.

*

Otsego ilikuwa kaunti ya mwaka mmoja tu, iliyokatwa 1791. Sherifu wake aliitwa Richard Smith. Katiba ilisema sherifu anateuliwa mwaka mmoja mmoja, na hawezi kushika cheo kingine wakati huohuo. Mwaka wa Smith uliisha Februari 1792. Mrithi wake, Benjamin Gilbert, aliteuliwa mwisho wa Machi, lakini hakuapishwa mpaka Mei. Katikati hapo uchaguzi ukapita. Smith aliendelea kufanya kazi kama kawaida, maana nani mwingine angeifanya? Alipokea kura, akazituma. Kibaya zaidi, kwenye uchaguzi wa mji wake alikuwa amechaguliwa msimamizi, yaani alikuwa na kiti kingine.

Sasa uliza: siku ile kura zinapokelewa, sherifu wa Otsego alikuwa nani? Smith, ambaye mwaka wake umeisha? Gilbert, ambaye hajaapa? Au hapakuwa na sherifu?

Kulikuwa na masanduku mengine mawili yenye kasoro. Kutoka kaunti ya Tioga, sherifu alimkabidhi naibu wake sanduku, naibu akaugua njiani, akampa karani wake alimalizie safari. Naibu wa naibu. Kutoka kaunti ya Clinton, ambayo kwa kejeli ya historia ilipewa jina la gavana mwenyewe, sherifu alimtuma mtu kwa maneno ya mdomo bila kumwandikia barua ya unaibu.

Kamati ilikwama, ikaomba ushauri wa wanasheria wawili waliokuwa maseneta wa New York, Rufus King na Aaron Burr. King alisema kura zihesabiwe. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anayeshika ofisi kwa nia njema, na watu wote wakamjua kuwa ndiye mwenye ofisi, kazi zake zinasimama, la sivyo kila kaunti ingekwama kila karatasi ya uteuzi ikichelewa. Na haki ya kupiga kura isomwe kwa upana. Burr alisema za Otsego zikataliwe. Sheria imetaja sherifu, imetaja muda wake, muda umeisha, basi. Huwezi kuwa na sherifu wa kukisia.

Kamati ikapiga kura. Saba walisema za Otsego zitupwe. Wanne walipinga, wakaandika sababu zao. Saba wale walikuwa watu wa upande wa Clinton. Kura za kaunti zote tatu zikaangukia nje.

Hapa ndipo wengi wakisimulia kisa hiki hufunga kitabu na kusema: wizi. Mimi pia nilisema hivyo saa nane usiku. Asubuhi sikuwa na uhakika tena.

*

Kwa sababu hoja ya Burr si ya kipuuzi.

Fikiria safari ya sanduku. Kutoka Otsego hadi Jiji la New York ni mwendo wa siku nyingi kwa farasi na mashua, nyumba za kulala wageni, pombe, watu wasiojulikana. Kitu pekee kinachomhakikishia mkulima kwamba karatasi aliyoiweka ndiyo itakayotolewa ni mlolongo wa watu wenye majina, waliokula kiapo, ambao wanaweza kushtakiwa. Ukisema yeyote akibeba ni sawa mradi limefika, umefungua mlango ambao siku nyingine ataupitia mwizi. Kanuni ya nani abebe sanduku iliwekwa kwa ajili ya yule mkulima.

Na Otsego yenyewe haikuwa mbinguni. Mdosi wa kaunti alikuwa William Cooper, jaji na mfanyabiashara wa ardhi aliyeuanzisha mji wa Cooperstown, baba wa yule James Fenimore Cooper aliyekuja kuandika riwaya. Watu wengi wa kule walinunua mashamba kwake na walikuwa bado wanadaiwa. Cooper alimtaka Jay. Ilipelekwa malalamiko bungeni kwamba aliwatisha wapiga kura. Hakutiwa hatiani, lakini hebu jiulize wewe: mtu unayemdai pesa ya shamba analolima akija kuomba ushauri wa nani wa kuchagua, huo ni ushauri wa aina gani?

Kwa hiyo picha ya wakulima safi walioporwa na majambazi wa mjini inavunjika. Lakini hata ikivunjika, bado kuna kitu kinanikwaruza.

*

Nilisema nimewahi kuwa ndani ya sanduku. Mwaka wa tatu chuoni, alama zangu za somo moja zilipotea. Kama umepita chuo chochote cha umma hapa nchini unajua neno hilo linavyotamkwa, kwa sauti ya chini kama ugonjwa. Nilifanya mtihani. Niliandika jina kwenye karatasi ya mahudhurio. Mhadhiri alikuwa wa muda, mkataba wake uliisha kabla hajawasilisha alama, naye, mtu wa watu, akasahihisha hivyohivyo na kuzipeleka. Kitengo cha mitihani kikakataa orodha yake. Sahihi iliyokuwa chini yake, walisema, ni ya mtu ambaye si mfanyakazi wetu.

Nilizunguka ofisi hizo wiki sita. Hakuna aliyesema sikufanya mtihani. Hakuna aliyesema alama ni za uongo. Mama mmoja nyuma ya dirisha aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hata mimi najua ulifanya. Lakini siwezi kuingiza." Nikaambiwa nirudie somo mwaka unaofuata na nilipie. Karo ya kurudia haikuwepo. Mzee wangu alikuwa tayari ameuza ng'ombe aliyekuwa wa kuuzwa. Mwaka unaofuata sikurudi, na huo ndio mwisho wa masomo yangu mpaka hapa tulipo.

Kwa hiyo niliposoma "sherifu ambaye mwaka wake umeisha" nilikaa kitako kitandani. Manze, nilimjua Smith. Nimewahi kufundishwa naye.

Ningeishia hapo ungenionea huruma na makala ingekuwa tamu. Lakini kuna mwaka wa pili.

Mwaka wa pili nilikuwa kiongozi wa darasa. Nilishinda kwa kura sita, na niliyemshinda ni dada mmoja ambaye, kila mtu alijua, alikuwa mpangaji mzuri kuliko mimi. Kazi yangu moja ilikuwa kukusanya kazi za kuandika na kuzipeleka kwa mhadhiri. Mhadhiri huyo alikuwa mkali: kila mmoja alete mwenyewe, aweke sahihi kwenye orodha, Ijumaa saa kumi iwe mwisho. Alikuwa na sababu, watu walikuwa wanaandikiana.

Ijumaa moja saa tisa alikuja kijana na bahasha ya kaki. Ni binamu ya yule dada. Mama yake alikuwa amelazwa Kitale, ilibidi asafiri usiku, kazi alikuwa ameimaliza na kumwachia. Niliifungua bahasha. Ilikuwa mwandiko wake, kila mtu darasani aliujua. Kurasa kumi na mbili.

Nikasema haiwezekani. Sahihi lazima awe mwenyewe. Binamu akampigia, nikapewa simu, nikamwambia, "Si mimi, ni daktari. Sheria ni sheria." Akanyamaza kidogo, akasema sawa. Alirudia somo hilo.

Kanuni ilikuwa upande wangu kabisa. Ukiniita mbele ya kamati yoyote ya nidhamu nilikuwa nashinda. Lakini wiki mbili kabla yake rafiki yangu wa chumbani alikuwa amelala na malaria, nami nilimwekea sahihi bila kufikiria mara mbili.

*

Hiyo ndiyo sehemu inayonikwaruza kuhusu wale saba.

Sidhani waliketi wakasema, "Tuibe." Nadhani walikaa siku kadhaa na vitabu vya sheria, wakajadili, wakapata hoja nzuri, na hoja hiyo ikawa, kwa bahati tu, ile waliyoihitaji. Ukiwa na kanuni mkononi na mtu usiyempenda mbele yako, kanuni inakuwa nzito na safi sana. Unahisi ni ya juu kuliko wewe. Hata unajisikia vibaya kidogo kwa ajili yake, kama mimi kwenye simu. Na kanuni hiyohiyo mbele ya rafiki yako inakuwa karatasi tu.

Kwa hiyo swali la "je, kanuni inasema hivyo?" halitoshi. Nimejaribu kutafuta maswali mengine ya kuliongezea, na nimepata matatu. Sidai ni falsafa kubwa, ni vijiti vya kupimia tu.

La kwanza: kanuni hii iliwekwa kuzuia nini, na je, hicho kitu kimetokea? Kanuni ya sherifu ilikuwa ya kuzuia kura kuchezewa njiani. Uamuzi dhidi ya Otsego haukusimama juu ya kuchezewa. Ulisimama juu ya tarehe ya uteuzi. Kanuni ya daktari wetu ilikuwa ya kuzuia watu kuandikiana. Mwandiko ulikuwa wake.

La pili: kosa ni la nani, na adhabu inamwangukia nani? Mkulima wa Otsego hakumteua Smith. Hakumchelewesha Gilbert kuapa. Masherifu waliteuliwa na baraza ambalo mwenyekiti wake, kwa mujibu wa katiba, alikuwa gavana mwenyewe. Yaani pengo lilikuwa kwenye ofisi za serikali, na aliyelipia ni mtu aliyetembea kwenda kupiga kura. Mkataba wa mhadhiri wangu haukuwa mkononi mwangu.

La tatu, ambalo ni gumu: ningeamua hivi kama bahasha ingekuwa ya rafiki yangu? Wale waliopinga, upande wa Jay, nao wasijisifu haraka. Kama Otsego ingekuwa ngome ya Clinton, sijui ni wangapi kati yao wangegundua ghafla utamu wa hoja ya Burr. Si lazima nijue. Swali haliulizwi kuhusu wao.

Najua msomaji wa hapa ameshafika Septemba mosi, 2017, kabla yangu. Siku ile Mahakama yetu ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na sehemu kubwa ya hoja ilikuwa kwamba uchaguzi ni mchakato mzima, haupimwi kwa tarakimu ya mwisho pekee. Kuna waliosema: mbona mnatupa kura za mamilioni kwa sababu ya fomu na usafirishaji wa matokeo? Je, hiyo si Otsego?

Nimelifikiria hili sana na nadhani kuna tofauti moja ya maana. Nairobi, mchakato ulipoonekana umeharibika, uamuzi ulirudishwa kwa mpiga kura. Alitakiwa apige tena ndani ya siku 60. Unaweza kubishana kuhusu Oktoba ile ilivyokwenda, kuhusu waliosusia na waliokufa, na utakuwa na haki ya kubishana. Lakini hakuna aliyesema: kura za upande huu zitolewe, za upande ule zibaki, mshindi ni huyu. New York walifanya hivyo hasa. Kasoro iligunduliwa katika kaunti tatu, na dawa haikuwa kuwauliza tena watu wa kaunti tatu. Dawa ilikuwa kuhesabu bila wao.

*

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni la Jay mwenyewe.

Wakati matokeo yanatangazwa alikuwa safarini, maana majaji wa Mahakama ya Juu enzi hizo walizunguka majimboni kusikiliza kesi. New York iliwaka. Watu walifanya mikutano, walimnywea Jay vinywaji wakimwita gavana kwa sauti ya wananchi, wengine wakazungumzia kuitisha kongamano maalum la kutengua uamuzi, wengine wakagusia silaha. Nchi ilikuwa na miaka tisa tu tangu mkataba wa amani na Uingereza. Wanaume waliojua kutumia bunduki walikuwa kila nyumba.

Jay alimwandikia mkewe Sarah kwamba miaka michache ijayo wote watakuwa mavumbi, na wakati huo kitakachokuwa na maana zaidi kwake ni kwamba alijitawala mwenyewe, kuliko kwamba aliwahi kulitawala jimbo. Aliporudi alipokelewa kwa shangwe, akawatuliza watu. Hata Alexander Hamilton, ambaye hakuwa mtu wa kukwepa ugomvi, alimwandikia King kwamba si sawa kuugeuza uamuzi kwa njia ambayo katiba na sheria haziijui. Bunge la jimbo lilichunguza, upande wa Clinton ukawa na wingi, kamati ikasafishwa. Ikaisha hivyo.

Miaka mitatu baadaye, 1795, Clinton hakugombea. Jay alichaguliwa gavana akiwa ng'ambo, alikokwenda kufanya mapatano na Uingereza. Clinton baadaye akawa Makamu wa Rais. Burr pia, na mwaka 1804 Burr naye aligombea ugavana wa New York, akashindwa, na miezi michache baadaye akamuua Hamilton kwa bastola katika pambano la wawili. Ukiweka watu hawa mezani, unaona kwamba kushindwa uchaguzi wa gavana kunaweza kumpeleka mtu sehemu mbili tofauti sana.

Ile barua ya Jay niliipenda mno nilipoisoma mara ya kwanza. Niliiandika kwenye kijikaratasi nikakibandika ukutani. Baada ya siku chache nilikibandua.

Nilikumbuka ninavyosifiwa nyumbani. Shangazi zangu husema, "Huyu mtoto ana moyo, alinyang'anywa digrii akamwachia Mungu." Lakini mimi sikumwachia Mungu. Nilichoka. Nilikosa nauli ya kwenda kusimama dirishani tena. Subira ya aliyechoka na subira ya aliyejitawala zinafanana ukiziangalia kutoka nje. Jay alipotulia alikuwa bado Jaji Mkuu wa nchi nzima. Alikuwa na mshahara, jina, na uchaguzi mwingine mbele yake. Kuwa mtulivu kulimgharimu kitu, sikatai, lakini hakukumgharimu chakula.

Na kuna wengine ambao hawakuandikiwa barua. Jay alikuwa rais wa kwanza wa chama cha New York cha kupigania watumwa waachiliwe, ingawa yeye mwenyewe alimiliki watumwa, na katika kampeni ya 1792 msimamo huo ulitumiwa kumchafua kwa wapiga kura wenye watumwa. Sheria ya kumaliza utumwa polepole alikuja kuisaini akiwa gavana, 1799. Iliwaachilia watoto watakaozaliwa kuanzia Julai mwaka ule tu, tena baada ya kuwatumikia mabwana wa mama zao hadi ukubwani. Siwezi kusema kwamba angeingia 1792 sheria ingekuja mapema. Bunge lilikuwa na mambo yake. Lakini naweza kusema kwamba miaka ile mitatu, iliyokuwa kwa Jay funzo la kujitawala, ilikuwa kwa mtu mwingine miaka mitatu ya kulima shamba la bwana. Ukisamehe dhuluma iliyoelekezwa kwako, hakikisha si mwingine anayelipa bili.

Je, basi angepaswa kupigana? Hapana, sidhani. Nimeishi katika nchi inayojua 2007 iliisha vipi. Watu waliokufa baada ya uchaguzi ule hawakuwa wagombea. Kama Jay angewaambia wafuasi wake waende, wangekwenda, na waliokuwa wafe ni wakulima walewale ambao kura zao zimechomwa. Nadhani alifanya lililo sawa. Ninachokataa ni kuuita uamuzi wake fidia. Jay alitulia, vizuri. Deni la Otsego lilibaki palepale, kwa sababu halikuwa deni la Jay. Mpiga kura ndiye aliyedhulumiwa, na mgombea hawezi kusamehe kwa niaba yake.

*

Hapo ndipo niliponaswa, maana kanuni hiyo inanigeukia. Kwa miaka hii yote nimekuwa nikijiambia kwamba mambo yalijisawazisha. Mimi nilimfanyia yule dada vile, chuo kikanifanyia vile, tumelipana. Ni hesabu ya ajabu ukiitazama vizuri. Chuo kilichukua kutoka kwangu. Hakikumpa yeye chochote. Kuumia kwangu hakukumrudishia mwaka wake, kama ushindi wa Jay 1795 ulivyoshindwa kuzihesabu karatasi zilizokwisha kuwa majivu.

Wiki iliyopita nilitafuta namba yake kwenye kundi la zamani la darasa. Niliandika ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena. Sikumwambia habari za New York. Nilimwambia kwamba ile bahasha niliifungua, niliona ni mwandiko wake, na ningeweza kuipokea. Nikamwambia kwamba rafiki yangu nilimwekea sahihi. Hilo la pili hakuwa analijua.

Alijibu baada ya siku mbili. "Ah, hayo yalipita. Nilishasahau." Nikaweka simu chini. Dakika chache baadaye ikalia tena.

"Hapana. Sijasahau. Mama alikuwa ananiuliza kila siku hospitalini kama kazi imefika."

Sijamjibu bado.